Barua ya Wazi kwa Kampuni Inayotupenda Sote

Mkurugenzi Mtendaji,
Kampuni Kubwa (jina nimelihifadhi, mnajijua),
Dar es Salaam.

YAH: PONGEZI KWA KUTUPENDA SOTE BILA UBAGUZI

Tafadhali husika na kichwa cha habari hapo juu.

Mimi ni mteja wenu mtiifu. Naandika kuwapongeza kwa hafla ya Desemba 3, Siku ya Kimataifa ya Watu Wenye Ulemavu. Mahema yalikuwa meupe, MC alikuwa mchangamfu, na mfano wa hundi ulikuwa mkubwa hata ukashikwa na watu wanne. Mzee mmoja anayetumia kiti mwendo aliwekwa katikati, nyuma ya hundi. Katika picha ameonekana kofia tu. Lakini kofia ilikuwa na nembo yenu, kwa hiyo lengo lilitimia.

Kilichonigusa zaidi, Mkurugenzi, ni hotuba yako. Ulisema kuwajali watu hawa kwenu ni utamaduni, wala hamngoji sheria. Nilipiga makofi kuliko wote, maana umesema kweli: hamkuingoja. Sheria ya Watu Wenye Ulemavu ilitungwa 2010, ikapita mbele ya lango lenu, nanyi hamkuipungia hata mkono. Inasema mwajiri mwenye wafanyakazi 20 au zaidi aajiri watu wenye ulemavu wenye sifa, wasiopungua asilimia 3. Kwa kampuni yenye wafanyakazi 1,000, hao ni watu 30. Hesabu hiyo haihitaji mshauri mwelekezi wala warsha ya Bagamoyo.

Nilipomuuliza Afisa Uhusiano wenu mnao wangapi, alitabasamu akasema kampuni inatoa fursa sawa kwa wote. Nimejaribu kuigeuza sentensi hiyo iwe namba, imegoma.

Hata hivyo juhudi zenu nimeziona. Tangazo lenu la nafasi ya mhasibu lilimalizia kwa maneno matamu: watu wenye ulemavu wanahimizwa kuomba. Mstari wa juu yake ulitaka mwombaji awe na leseni ya udereva. Sijui hesabu zenu huwa zinakwenda wapi hadi zihitaji kuendeshwa. Usaili ukafanyika ghorofa ya tatu, lifti ikiwa kwenye matengenezo. Aliyeishia chini kwenye ngazi ameandikwa kwamba hakuhudhuria. Mwisho wa mwaka ripoti yenu itasikitika kwamba watu wenye ulemavu hawajitokezi.

Niwapongeze pia kwa maandamano ya Machi 8, Siku ya Wanawake Duniani. Vitenge vya sare viliwapendeza wanawake wenu, nao walikuwa wengi kweli: wanaodeki korido, wanaochemsha chai, wanaopokea wageni getini. Siku hiyo waliitwa nguzo ya kampuni. Machi 9 wakarudi kuwa watu wa wakala wa ajira, ambao kampuni haiwafahamu. Utaratibu huu una akili nyingi. Kwenye maandamano wanahesabiwa, kwenye bima ya afya hawahesabiwi.

Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya 2004 inampa mama siku 84 za likizo ya uzazi yenye malipo, na akirudi kazini ana hadi saa mbili kwa siku za kunyonyesha. Baba naye ana siku tatu. Ninyi mna mkataba wa miezi mitatu mitatu. Kwa sifa yenu, hamjawahi kumfukuza mjamzito. Mkataba huisha wenyewe, na kwa bahati mbaya huwa unaisha tumbo linapoanza kuonekana.

Jamii inayowazunguka nayo haijasahauliwa. Choo mlichokabidhi shuleni, mkakiita choo jumuishi, kina nembo pande zote nne na ngazi tatu mlangoni. Mtoto wa kiti mwendo ataisoma nembo vizuri sana akiwa nje.

Sasa Mkurugenzi, niruhusu niache pongezi. Karibu yote mnayoyafanyia hafla ni deni. Mdaiwa akilipa robo ya anachodaiwa, hamvishi mdai fulana na kumwita mwandishi wa habari aje kupiga picha. Ninyi mmefanya hivyo miaka yote, na sisi tumekula wali wa shughuli tukashukuru. Ndiyo maana mtu mwenye ulemavu mwenye shahada yake anaalikwa kwenu kupokea msaada, na haalikwi kupokea mshahara.

Nina maombi matatu. Tangazeni idadi, ya wafanyakazi wenye ulemavu na ya wanawake, kwa kila ngazi hadi bodi. Wahesabuni na wale wa wakala, maana ofisi yenu ndiyo wanayoisafisha. Na utolewe hadharani mpango wa fursa sawa ambao sheria hiyo ya 2004, kifungu cha 7, inamtaka mwajiri ausajili kwa Kamishna wa Kazi. Kama upo, mtakuwa mmeninyamazisha. Kama haupo, msiuandike kwa ajili yangu; uandikeni kwa sababu mnadaiwa.

Nanyi wasomaji, mkialikwa kwenye hafla yao ijayo, nendeni. Ila kabla ya kupiga makofi, ulizeni wameajiri wangapi.

Wako katika ujenzi wa Taifa,
Mteja.

Nakala: Kamishna wa Kazi, kwa utekelezaji.