Kongamano Lisilo na Posho

Ukimwambia mtu wa Dar es Salaam kwamba Jumamosi una kongamano, hakuulizi mnakwenda kujadili nini. Anauliza posho ni kiasi gani. Ukimjibu kwamba hakuna posho, anashusha sauti na kuulizia nauli. Ukimwambia nauli unajitolea mwenyewe, na maji ya kunywa mmechangishana kwenye kundi la WhatsApp, anakutazama usoni kwa muda, akijaribu kukumbuka ni nani mwingine katika ukoo wenu aliyewahi kujiunga na dhehebu geni.

Mama mkwe wangu, ambaye hukaa nasi miezi ya mvua, alikwenda mbali zaidi. Alimwita mwanawe pembeni akamwambia: "Baba, mkeo anaaga anakwenda kusoma herufi. Herufi yenyewe moja. Na harudi mpaka jioni."

Herufi hiyo ni R, programu ya kuchakata takwimu iliyoanzishwa mapema miaka ya 1990 na Ross Ihaka na Robert Gentleman wa Chuo Kikuu cha Auckland, New Zealand. Ni ya bure, sifa ambayo kwa ofisi nyingi za kwetu inazishinda sifa zake nyingine zote zikijumlishwa. Toleo la 1.0.0 lilitoka tarehe 29 Februari 2000, kwa hiyo sikukuu yake ya kuzaliwa, ukiifuata kalenda kwa uaminifu, huja kila baada ya miaka 4. Mweka hazina wa kikundi chetu anaifuata kalenda kwa uaminifu mkubwa sana.

Si sisi tuliobuni desturi ya kukutana kwa ajili ya programu ya takwimu. Watumiaji wa SAS walifanya mkutano wao wa kwanza Florida, Marekani, mwaka 1976. Wale wa Stata walianza London mwaka 1995. Sisi wa R tuna useR!, mkutano wa dunia nzima ulioanzia Vienna mwaka 2004, na jina lake huandikwa hivyohivyo, herufi kubwa mwishoni na alama ya mshangao juu yake. Jaribu sasa kupeleka barua ya mwaliko yenye jina hilo kwenye dirisha la viza. Rafiki yangu aliulizwa nani anamlipia safari. Akasema anajilipia. Akaulizwa anakwenda kuuza nini. Hauzi kitu. Basi anakwenda kuchukua nini? Naye, kwa kuwa alilelewa asiseme uongo mbele ya serikali yoyote, akajibu: "Stika."

Alikuwa anasema kweli. Karibu kila pakeji ya R inayojiheshimu ina nembo yake ya pembe sita, na nembo hizo hugawiwa kama stika za kubandika nyuma ya laptopu. Watu wenye shahada za uzamivu huzigombania. Viza hakupata. Tukamletea stika kwa mkono wa mtu aliyeipata.

Lakini mikutano ya dunia ni hadithi ya mara moja moja. Maisha yenyewe yako kwenye kikundi chetu cha Jumamosi, katika ukumbi wa kuazima wenye feni moja inayozunguka na nyingine inayofikiria kuzunguka.

Taabu huanza na sambusa. Kila mkutano, nusu ya waliojiandikisha hawaji, na nusu ya wanaokuja hawakujiandikisha. Nataka msomaji alitafakari hili taratibu. Ukumbini mmejaa watu ambao kazi yao ni kukadiria. Wanahoji kaya chache na kukwambia hali ya mkoa mzima. Wanakadiria wavuvi, mbu, wajawazito, na ng'ombe ambao hawajawahi kuwaona. Sambusa za kuwatosha wao wenyewe hawajawahi kuzipatia hata siku moja. Kijana mmoja mwenye bidii alitengeneza modeli ya kutabiri mahudhurio, akatuletea makadirio pamoja na kiwango cha chini na cha juu. Kiwango cha chini kilikuwa chini ya sifuri. Yaani ulikuwepo uwezekano, mdogo lakini wa kitaalamu, kwamba watahudhuria watu pungufu ya hakuna mtu. Mama muuza sambusa alitazama ile chati, akauliza: "Kwa hiyo nilete ngapi?" Hakuna aliyemjibu. Alileta za kukadiria kwa macho, na yeye ndiye aliyekaribia kupatia kuliko sote.

Zikishafika sambusa, inakuja zamu ya projekta. Projekta ya ukumbi ina tundu ambalo laptopu za siku hizi hazina, na laptopu zina tundu ambalo projekta ile haijawahi kulisikia. Kifaa cha kuziunganisha kipo, ila yuko nacho mtu ambaye leo amekwenda msibani. Kwa hiyo mada ya kwanza hutolewa kwa maneno matupu. Nimewahi kumsikiliza mtu akieleza grafu kwa mikono: "Hapa inapanda, inapanda, halafu hapa, jamani, inaporomoka!" Tulimpigia makofi. Alipofanikiwa baadaye kuionyesha grafu yenyewe, tukaona kwamba mikono yake ilikuwa imeeleza vizuri zaidi.

Projekta ikikubali, ndiyo inaleta hatari nyingine, kwa sababu laptopu ya mtoa mada ina mambo yake mengi kuliko mada. Kaka mmoja wa utafiti wa malaria alikuwa katikati ya ramani nzuri ya Kanda ya Ziwa, rangi zimepangika, ukumbi umetulia, pembeni mwa skrini ukachomoza ujumbe: "Gesi imeisha. Na usijifanye hujaona." Ramani ile sikumbuki ilihusu mwaka gani. Gesi naikumbuka. Kila tukikutana naye, mtu lazima amuulize kama aliinunua.

Kisha waifai. Mtoa mafunzo anasema, kwa sauti ya upole kabisa, "Haya, sote tupakue tidyverse." Anayeijua tidyverse, mkusanyiko wa pakeji za R, anajua kwamba ukiiita inakuja na ndugu zake, na ndugu wanakuja na wakwe. Laptopu zote za ukumbi zinaanza kuvuta kwa pamoja kutoka kwenye intaneti iliyowekwa kwa ajili ya mhudumu wa mapokezi kuangalia video fupi. Asilimia 3. Asilimia 3. Asilimia 3. Mhudumu anachungulia mlangoni kuuliza ni nani amemkatia. Hapo ndipo watu huanza kurushiana bando, na nimeona urafiki wa kudumu ukizaliwa kati ya mtu mwenye GB za kutosha na mtu aliyebakiwa na MB tu.

Siku hizi kuna mchezo mpya. Kijana anakuja na msimbo alioandikiwa na akili mnemba, msafi, una maelezo kila mstari, na mstari wa kwanza unaita pakeji ambayo haipo. CRAN, ghala kuu la R, lina pakeji zaidi ya 20,000, kwa hiyo hakuna anayethubutu kusema papo hapo kwamba haipo. Tunatafuta. Wazee wanakuna vichwa na kusema wanahisi waliwahi kuiona. Mmoja alisema aliitumia kazini.

Haya yote ni madogo mbele ya ile Jumamosi tuliyowaalika jirani zetu wa Stata na SAS. Nia ilikuwa njema: tukae pamoja, tubadilishane uzoefu. Tulikaa pamoja kama Simba na Yanga wanavyokaa pamoja. Mtoa mada, dada wa Stata, alituonyesha matokeo ya utafiti wa kaya katika wilaya fulani. Wazee waliozidi miaka 60 walikuwa wengi mno. Akaanza kueleza sababu: vijana wamehamia mjini, hewa ya milimani, vyakula vya asili. Mtu mmoja akaongezea habari za mlenda. Tulikuwa tayari tumeshaanza kuionea wivu wilaya ile, ndipo mzee mmoja wa SAS, aliyekuwa kimya tangu asubuhi, akauliza kama kuna watu ambao umri wao haukuandikwa.

Walikuwepo, tena wengi. Sasa, Stata ikikutana na umri ambao haukuandikwa, huuhesabu kuwa mkubwa kuliko namba yoyote duniani. Ukiiagiza ikuletee waliozidi miaka 60, inakuletea wazee wako, halafu inakuongezea wote waliosahau kutaja umri, wakiwamo wanafunzi wa darasa la pili. Nusu ya wale wazee wa mlenda walikuwa hawana umri kabisa.

Dada yule alitulia, akamgeukia mzee. "Na kwenu wanakuwaje?"

Mzee akavua miwani. Kwao SAS, alisema kwa heshima, asiyetaja umri ni mdogo kuliko namba yoyote. Ukiiomba watoto wa chini ya miaka 5, utaletewa pamoja na mababu waliokataa kusema walizaliwa lini. Kwa hiyo mtu yuleyule, kijijini kwake, chini ya mwembe wake, akichakatwa na Stata ni ajuza, na akichakatwa na SAS ni mtoto wa kliniki.

Sisi wa R tulikuwa tumekaa mstari wa nyuma tukichekea viganjani. Mzee akatuona. "Na nyie mnaocheka?" Ikabidi tuseme. Kwetu umri usiojulikana ni NA, na NA ukimlinganisha na 60 anakujibu NA. Si mzee wala si mtoto, hajulikani. Hilo ni la uungwana. Lakini ukitaka wastani wa umri wa wilaya nzima, watu maelfu, na mmoja tu kati yao hakutaja umri wake, jibu la R ni NA. Wilaya nzima haijulikani. Mmoja amenyamaza, wote wamenyamazishwa, mpaka uiambie R waziwazi kwamba wasiojulikana waondolewe.

Ubishi uliofuata ulimaliza mchana wote. Ratiba ilikuwa na mada nyingine tatu, hazikusomwa. Walioitayarisha mada ya mwisho walikuwa wenyewe wamesimama wakigombana kuhusu yule asiye na umri. Mimi nasema wazi kwamba nilijifunza zaidi siku ile kuliko katika semina yoyote ya hoteli yenye kalamu za bure, na siwezi kukumbuka hata mada moja iliyokwenda sawasawa mwanzo mpaka mwisho.

Mwaka uliofuata, kwa kulewa mafanikio, tukaamua kongamano letu liwe na mgeni rasmi. Hili lilikuwa wazo la kamati, na kamati huwa haina uso wa kulaumiwa. Alichelewa, kama itifaki inavyoelekeza, na sambusa zikamsubiri mezani zikipoa. Alikuja na slaidi zake, zote chati duara, za rangi nane nane. Ndugu msomaji, hata ukurasa wa msaada wa R, ule unaokufundisha kuchora chati duara, unakwambia ni njia mbaya sana ya kuonyesha takwimu. Ukumbi wa watu wa R kuonyeshwa chati duara mfululizo ni mtihani wa malezi. Tulistahimili. Kuna aliyefumba macho kama anayesali.

Katika kufunga, mgeni rasmi alitutia moyo kwa dhati. Alisema amefurahi kuona vijana wameshafika R. "Lakini msibweteke," akasema. "Mwaka ujao nataka nisikie mmefika S." Makofi yalikuwa makubwa kuliko ya siku zote, na yeye alidhani ni ya kumpongeza. Ukweli ni kwamba S ilikuwepo zamani. Ilianza Bell Labs, Marekani, mwaka 1976, kwa kazi ya John Chambers na wenzake, na R imetokana nayo. Tulikuwa tumetoka huko anakotutuma.

Mikutano ya mtandaoni ilikuja kuturahisishia viza, ikatuletea matatizo ya nyumbani. Mwaka 2022 useR! yote ilifanyika mtandaoni, wenyeji wakiwa Nashville, Marekani. Saa 9 alasiri ya Nashville ni saa 5 usiku kwetu. Nilijifungia sebuleni, taa moja, vipokea sauti masikioni. Mtaa wa pili kulikuwa na kigodoro cha kumtoa mwali, na spika zimeelekezwa kwangu. Nilipopewa nafasi ya kuuliza swali nikafungua maikrofoni, na mnanda wote ukaingia Nashville kabla yangu. Nikauliza swali langu kwa kupiga kelele. Mtaalamu akajibu kwa upole. Chini kwenye maandishi, mshiriki mmoja akaandika kuulizia pakeji inayotoa muziki ule.

Nilipogeuka, mama mkwe alikuwa amesimama mlangoni na khanga begani. Alitazama skrini, nyuso za watu kutoka kila pembe ya dunia, wote wamekusanyika kwa sababu ya herufi moja. Akavuta kiti, akakaa. Baada ya muda akauliza yule mzungu mwenye ndevu ana watoto wangapi. Nikamwambia sijui. "Basi andika hajulikani," akasema, "usimbunie."

Nimeshamwandikisha kwenye kikundi. Mkutano ujao ni Jumamosi ya mwisho wa mwezi, na wewe pia unakaribishwa, uwe wa R, wa Stata au wa SAS. Pakua pakeji zako nyumbani kabla hujatoka, zima WhatsApp kwenye laptopu, na kama una ekstensheni yenye matundu mengi, njoo nayo. Utapewa nafasi ya kuzungumza kwanza.