Joto la Miguuni au la Kichwani? Tubishane, Tano Hadi Moja

Wewe unayesoma haya Minneapolis au Edmonton umejizungushia blanketi, sogea. Wagombea wawili: sakafu iliyolaziwa mabomba ya maji ya moto, na hita inayopuliza hewa ya moto hadi matundu ya kila chumba. Tukifika namba tatu utakuwa umeshanuna.

5. Mbio
Umerudi kazini, nje nyuzi 25 chini ya sifuri, nyumba imepoa. Hewa inakupasha joto ndani ya dakika chache. Sakafu ya zege inataka saa kadhaa, kama maharage makavu: ukiinjika njaa ikiuma, umechelewa. Hukumu: hewa. Ila mwenye sakafu haizimi msimu mzima, kwa hiyo hana haja ya mbio.

4. Julai
Njia zilezile za hewa hupitisha ubaridi wa kiyoyozi. Sakafu ukiipitishia maji baridi siku ya unyevunyevu inatoka jasho, na mgeni wa kwanza anateleza. Hewa tena. Mbili bila! Mashabiki wa sakafu, msitoke uwanjani.

3. Mfuko
Kulaza mabomba kabla zege halijamwagwa ni kazi ya fundi. Kuvunja sakafu ya nyumba inayokaliwa ni vita, na bomba likivuja humo ndani ya zege, utaijua bei ya nyundo. Lakini maji yake hayahitaji kuchemka: nyuzi 35 hadi 45 mara nyingi zinatosha. Hukumu: nyumba kuukuu, hewa; kiwanja kipya, sakafu. Sare, na refa hanunuliki.

2. Vumbi na kelele
Feni inanguruma usiku, vumbi linasafiri bure chumba hadi chumba, chujio linataka kubadilishwa. Sakafu iko kimya. Imekwisha hiyo.

1. Nyayo
Hapa sina msamaha. Sisi viatu tunaviacha mlangoni, tunakula mkekani, mtoto anatambaa chini. Hewa ya moto hupanda darini: kichwa kiko Tanga, nyayo ziko Makete. Ndiyo maana asubuhi utamkuta shangazi amesimama juu ya tundu la hewa, kanga imefura kama puto, kikombe cha chai mkononi, na hampishi mtu. Hita ikizima, kanga inanywea, naye anaanza kuitafuta soksi ya pili.

Wakorea wamelimaliza hili zamani kwa ondol: moshi wa moto wa jikoni ulipitishwa chini ya sakafu ya mawe, watu wakalala juu yake. Mbunifu majengo Mmarekani Frank Lloyd Wright alikionja chumba cha namna hiyo Japani, kisha akaweka mabomba ya joto chini ya sakafu ya nyumba ya familia ya Jacobs, Madison, Wisconsin, iliyokamilika 1937. Sakafu yenyewe haiunguzi. Huachwa isizidi nyuzi 29 hivi, vuguvugu la kumlaza mtoto. Zulia nene ndilo adui, maana linalifungia joto chini. Mkeka mwembamba unalipitisha. Tulikuwa tumeshajiandaa, tulikosa mabomba tu!

Mbili kwa mbili, lakini namba moja ndiyo inayoamua: ubingwa ni wa sakafu. Timu hewa, njooni na hoja zenu nawasubiri, ila viatu mlangoni.