Bomba Linavuja, Karibuni Ushauri

Hapa Nyakitonto kila mtu ni fundi bomba mpaka umkabidhi spana. Kiungo cha bomba langu, pale tu baada ya mita, kimeanza kuvuja, na kabla sijapata hata ndoo ya kukingia, ushauri ulishajaa uwanja mzima. Mwenye duka kasema ni presha. Kijana wa bodaboda kasema ni gundi feki. Mzee mmoja aliyekuwa akienda msibani kasimama, kavua kofia, kasema zamani mabomba yalikuwa ya chuma. Kisha akaendelea na safari yake, na maji yakaendelea na yao.

Nikamwita fundi. Fundi wetu ni mtu wa adabu, na salamu za Waha hazitaki haraka. Akainama kidogo, akapiga makofi taratibu, akauliza hali ya mama watoto. Makofi. Watoto je? Makofi. Mbuzi? Mihogo? Yule mgonjwa wa mwaka jana? Nilipojaribu kumwonyesha bomba kwa kidole akanitazama kwa masikitiko: "Mwalimu, hata tusijuliane hali?" Tukajuliana hali, tope likitufika kwenye ndala.

Akafungua mfuko. Msumeno, kopo la gundi lililoganda mfuniko, katani za kufungia nyuzi za bomba, na mpira wa ndani wa baiskeli uliokatwa mikanda. Huo mpira ndio sera ya maji ya nchi hii ambayo haijaandikwa popote. Aliuvuta mpaka ukawa wa kijivu, akauzungusha kwenye kiungo, akavuta tena, akafunga fundo kwa kusaidiwa na meno. Maji yakanyamaza. Tukatabasamu. Halafu tone moja likachungulia chini ya fundo, likavimba, likadondoka, na jingine likashika zamu.

"Hilo litajiziba lenyewe," akasema, akapokea hela yake.

Tone moja kila sekunde ni matone 86,400 kwa siku, na mita haina huruma. Wanaofaidi ni nyuki. Wilaya hizi zetu, Kasulu na Kibondo, zinasifika kwa asali, na kiangazi hiki naona nyuki wote wamehamishia kisima chao kwangu. Asali wanapeleka kwa wenye mizinga. Bili ya maji wananiachia mimi.

Dawa ya kweli naijua: kata kiungo, weka soketi mpya, paka gundi. Ila gundi ya plastiki haishiki penye maji, na kwangu hakuna koki ya kufungia, kwa sababu aliyeunganisha aliona ni gharama za bure. Kwa hiyo lazima ifungwe koki ya mtaa. Nani atakwenda kuwaambia kina mama, siku ya kufua, kwamba mtaa mzima ukauke kwa ajili ya kiungo cha mtu mmoja? Mimi nimeoa hapa hapa. Sithubutu.

Nikamlalamikia rafiki yangu Mkongo, tuliyezoeana enzi zile alipokuwa kwenye kambi ya wakimbizi ya Nyarugusu. Siku hizi yuko Marekani, kwenye theluji, anaishi ndani ya trela, zile nyumba zinazokokotwa na gari. Nilidhani atanionea huruma. Kumbe ana yake. Maji yakiganda hutanuka kwa asilimia 9 hivi, bomba linapasuka kimya kimya, na ufa huuoni mpaka barafu iyeyuke, sakafu ikiwa imeshaloa. Hulala chali chini ya trela na mashine ya kukaushia nywele, koki ikiwa wazi, akiyeyusha kuanzia upande wa koki kurudi nyuma. Wanaofunga trela zao msimu wa baridi huyatoa maji yote, wakajaza mabombani dawa ya rangi ya waridi isiyoganda kirahisi.

Mpaka hapo nilikuwa upande wake. Ndipo akaniambia kwamba usiku wa baridi kali huiacha koki idondoke mpaka asubuhi, kwa makusudi, na ndivyo wataalamu wanavyoshauri! Nikakata simu kwa kisingizio cha bando.

Kabla ya hapo alikuwa ameuliza: kwenu hakugandi maji, sasa mabomba hupasuliwa na nini? Na jembe, nikamjibu. Mtaro wetu ulichimbwa na vijana waliolipwa kwa urefu, si kwa kina, kwa hiyo kila msimu wa maharage bomba hulimwa pamoja na shamba. Palipobaki wazi jua hukausha plastiki mpaka inakatika kama muwa.

Wewe unayetaka kuvuta maji mwaka huu, dai koki yako mwenyewe karibu na mita, na usilipe mtaro kabla hujaupima kina. Na aliyeazima spana yangu ya bomba siku ya mnada, tafadhali airudishe. Fundi anakuja kesho na ameniambia hana.