Muulize Bibi Mkonge: Chuma Hakina Macho

Safu hii hujibu mashaka ya wasomaji wa Mazingara, Mkata, Segera, Korogwe na popote basi la Tanga linaposimama kuuziwa machungwa. Wiki hii barua karibu zote zinauliza habari za kunyanyua vyuma. Bibi anashuku kuna kijana amefungua jimu mahali fulani na anapita barabarani bila shati.

Shikamoo Bibi. Mimi ni mwalimu kijana, mwili wangu ni wa ufito. Hapa Handeni mjini kuna jimu nyuma ya gereji. Kila nikifika mlangoni nasikia vyuma vinagongana na watu wananguruma, basi najifanya nimekuja kununua vocha duka la jirani. Muuza vocha siku hizi ananiita bosi. Nifanyeje? — Bosi wa Vocha, Handeni

Marahaba, mjukuu wangu. Kwanza hongera kwa kumjengea mtu nyumba.

Hao wenye miraba minne unaowaogopa hawana nafasi ya kukutazama. Kioo kile cha ukutani unadhani kimewekwa kwa ajili yako? Kila mmoja mle ndani yuko kwenye mazungumzo marefu na mkono wake mwenyewe. Atakayekugeukia anataka kujua tu kama umekuja kuchukua benchi lake. Akiona hapana, anarudi kwenye mkono.

Jioni watu wakitoka kazini ndipo panapojaa. Wewe nenda asubuhi, siku ambayo huna vipindi. Na usiende kupima nguvu, nenda kujifunza. Chuma kirefu cha mashindano ya Olimpiki, kikiwa kitupu, kina kilo 20 kwa wanaume na kilo 15 kwa wanawake. Hicho cha nyuma ya gereji huenda ni ekseli ya lori, na uzito wake anaujua fundi peke yake. Kwa hiyo kishike kitupu kwanza, usione haya. Kisha mfuate mmoja aliyekomaa, umwambie, "Kaka, mimi mgeni, naomba unielekeze." Hapo umemmaliza. Baunsa yule amesubiri miaka mtu amuulize. Kazi itakayobaki ni kumnyamazisha.

Akuonyeshe mambo matano: kuchuchumaa na mzigo, kuinua kutoka chini, kusukuma, kuvuta, na kubeba huku unatembea. Seti mbili au tatu, kila seti mara 8 hadi 12, na uache ukiwa bado unaona ungeweza mara mbili zaidi. Shirika la Afya Duniani, katika mwongozo wake wa 2020, linawataka watu wazima wafanye mazoezi ya misuli angalau siku 2 kwa wiki. Siku mbili tu, mwalimu. Tano zilizobaki endelea na vocha.

Bibi, nataka kunyanyua vyuma ila mama mkwe anasema nitaota kifua cha dume na mwanawe atanikimbia. Halafu nikichungulia jimu wanaume wote wananyamaza. — Mke wa Watu, Mazingara

Mwanangu, muulize mama mkwe, kwa adabu zote na ukiwa umepiga goti: maji ya nyumba hii anayabeba nani?

Lita 20 za maji ni kilo 20, na ndoo yenyewe bado hujaipima. Chuma kile kinachomfanya mwalimu wa juu anunue vocha, wewe umekuwa ukipanda nacho mlima kichwani, kikiwa kinamwagika, na mtoto mgongoni. Handeni yetu hii unaijua. Mradi wa HTM, lile bomba kuu la Handeni, unavuta maji ya mto Pangani kutoka Korogwe, lakini bado wapo wanaolifahamu lambo kuliko bomba. Mwaka 1986 jarida la Nature lilichapisha utafiti juu ya wanawake wa Kiluo na Kikikuyu kule Kenya. Watafiti waliwatembeza na mizigo, wakakuta wanaweza kubeba hadi asilimia 20 ya uzito wa miili yao bila mwili kutumia nishati zaidi ya ile ya kutembea mikono mitupu. Wasomi walistaajabu. Mama mkwe asingestaajabu, angewauliza ndoo ya pili iko wapi.

Utasema, basi kama nabeba kila siku, jimu ya nini? Ndoo, mwanangu, haikui. Ya mwaka jana lita 20, ya mwaka huu lita 20. Mwili ukishaizoea hauna sababu ya kuongeza kitu. Kinachoongezeka ni maumivu ya shingo tu. Jimu ina jambo moja ambalo kisima hakina: leo kilo 20, ukiziweza vizuri unaweka 22 na nusu, ukizizoea unaweka 25. Huko kuongeza kidogo kidogo ndiko elimu yote ilipo. Yaliyobaki ni muziki na vioo.

Kifua cha dume kinataka homoni ya testosteroni kwa wingi, na mwanamke anayo kidogo mno. Utakachopata ni mgongo ulionyooka na mifupa isiyovunjika ovyo uzeeni, umri ambao mama mkwe atahitaji mtu wa kumwinua. Mwambie pia kwamba wanawake wananyanyua vyuma kwenye Olimpiki tangu Sydney mwaka 2000. Vaa suruali pana, fulana ndefu na hijabu iliyokaza, isiyoning'inia karibu na vyuma. Mchukue na wifi, maana mkiwa wawili kile kimya kinakatika chenyewe. Na ukitaka kujua wanaume wale wananyamazia nini, wanaomba Mungu usianze na uzito wao.

Nilianza Jumatatu. Leo Jumatano siwezi kuchuchumaa, na choo chetu ni cha shimo. Nisaidie haraka. — Nimesimama, Korogwe

Pole sana, shikilia mlango.

Najua ulichofanya. Uliruka vichura mia moja siku ya kwanza kwa sababu uliona picha ya bondia kwenye simu. Hassan Mwakinyo wa Tanga alimsimamisha Sam Eggington raundi ya pili kule Birmingham, Septemba 2018, lakini hakujiandaa kwa Jumatatu moja. Mtaka cha uvunguni sharti ainame, ni kweli. Nani alikwambia ainame mara mia?

Maumivu haya hukolea kati ya siku ya kwanza na ya tatu, kisha hupungua. Tembea taratibu, kunywa maji, usilale kutwa. Ukirudi, fanya nusu ya nusu. Mwili ukishapita hapo mara moja, safari ya pili hauumi vile. Ila kuna jambo moja ambalo Bibi hafanyii mzaha: ukiona mkojo umekuwa wa rangi ya kahawia kama chai kavu, nenda hospitali siku hiyo hiyo. Misuli ikiharibika kupita kiasi huachia sumu inayoumiza figo.

Bibi, sisi vijana wa huku ndani jimu tunaisikia tu. Nauli ya kwenda mjini na kurudi ni kilo ya nyama. — Wanne wa Shamba

Tafuteni makopo manne ya rangi ya lita 4, bomba mbili za chuma zilizonyooka, saruji, mchanga na kokoto. Zege la lita 4 lina uzito wa kilo tisa na nusu hivi, kwa hiyo bomba yenye kopo kila upande itafika kilo 20 kasoro kidogo, mbali na uzito wa bomba yenyewe. Simamisha kopo, chomeka bomba katikati, mimina, funga kamba isiyumbe, mwagilia maji kwa siku kadhaa kabla ya kugeuza upande wa pili. Msiwe na haraka. Zege bichi likidondoka linadondokea vidole.

Kosa la vijana wote ni kumimina kwa macho. Kopo moja linajaa kokoto, jingine linajaa mchanga, na baada ya miezi miwili mnatembea mmeinamia upande kama mnasikiliza siri. Nendeni kwa mnunuzi wa mahindi, mpime makopo kwenye mzani wake kabla hayajakauka. Wanunuzi wa mahindi nao wapate siku moja ya kutumia mzani kwa haki.

Nina miaka 71, nilikata mkonge ujanani. Sasa kuinuka kwenye kiti ni mpaka niitane na Mungu. Nimechelewa? — Babu wa Mombo

Umechelewa kuniandikia, mazoezi hujachelewa. Mwaka 1990 jarida la madaktari la Marekani, JAMA, lilieleza habari za wazee 10 wa Boston waliokuwa na wastani wa miaka 90. Walifanyishwa mazoezi ya uzito ya miguu kwa wiki 8. Waliomaliza walikuwa 9, na nguvu zao ziliongezeka kwa wastani wa asilimia 174. Kwa hesabu zao, wewe ni kijana wa mgambo.

Pitia zahanati kwanza upimwe presha. Kisha anza na kiti hicho hicho: inuka, keti, mara nane, pumzika, rudia. Toa pumzi unapoinuka, usiibane, maana kubana pumzi kunapandisha presha ghafla. Ukiona rahisi, kumbatia mfuko wa unga wa kilo mbili. Ukimaliza mfuko wa kilo tano, niandikie tena, na utaje kama bado una mke.

Majibu ya mkato

*Aliyeuziwa kopo la unga wa misuli stendi ya Segera:* Kula mayai, dagaa, kunde na maharage. Bakuli la maharage halina picha ya mwanamume aliyepakwa mafuta, ndiyo maana ni rahisi.

*Anayetaka kufanyia mazoezi mikono peke yake, Kabuku:* Na hiyo mikono itatembelea nini?

*Anayeuliza kama akitunisha misuli yule binti wa Mkata atamkubali:* Bibi alimuuliza binti mwenyewe. Anasema baba yake ana magunia matatu ya mahindi hayajafika barabarani, na anayemtaka aje leo hivi alivyo. Lakini usijitwishe gunia zima peke yako kwa sifa; Shirika la Kazi Duniani lilipendekeza tangu 1967 kwamba mwanamume asibebe kwa mikono zaidi ya kilo 55, na gunia la lumbesa linapita hapo mbali. Nenda na mwenzio ashike upande wa pili. Chagua asiyekuzidi sura.