Zama za Mtoto wa Chekechea: Uainishaji wa Awali

Wanahistoria wamezoea kugawa wakati kwa karne, tawala na vita. Mtoto wa miaka mitano ana mgawanyo wake, na kwa kuwa hakuna chuo kilichojitokeza kuuchunguza, kazi imewaangukia walimu wa chekechea na mashangazi. Yafuatayo ni matokeo ya awali. Yalipatikana kwa njia ya mahojiano, ingawa katika fani hii anayechunguzwa ndiye anayeuliza.

Za kwanza ni Zama za Jana. Zinaanzia asubuhi ya leo na kurudi nyuma hadi Idi iliyopita, na yote yaliyomo yako umbali mmoja. Tuzipite haraka, pamoja na pacha wao, Zama za Kesho, ambazo mtoto amekwisha kung'amua kwamba hazifiki: ndiko inakokaa baiskeli aliyoahidiwa. Mwenye shaka akamuulize baba.

Zinafuata Zama za Nilipokuwa Mdogo, zinazosimuliwa kwa sauti nzito, mkono kiunoni, na mtu ambaye bado anavalishwa viatu. Msitucheke. Msimulizi huyu ana ushahidi: gauni lisilomwenea tena, alama ya penseli ukutani, mdogo wake anayefanya upuuzi ambao yeye ameshauacha. Mwalimu mwenye busara angeanzia hapa kufundisha historia. Wengi huanzia Olduvai.

Ugumu wa kinadharia umo katika Zama za Kabla Sijazaliwa, na chanzo chake kikuu ni albamu ya harusi. Mtoto anafunua. Mama yupo, baba yupo, mjomba yupo na suti ya kuazima, hata jirani tusiyesalimiana naye siku hizi yupo, tena mbele. Yeye hayupo. Hapo wanazuoni wadogo hugawanyika makundi mawili. Kundi moja hulia kwa kutoalikwa. La pili hushikilia kwamba walikuwepo, ila mpiga picha aliwapita. Jibu la “ulikuwa bado tumboni” halishauriwi, hasa mbele ya shehe aliyefungisha ndoa hiyo. Kwamba dunia iliendelea bila wewe, pilau likapikwa, likaliwa, likaisha, ni jambo zito kulipokea. Wapo watu wazima, wengine wenye vyeo, ambao hawajalipokea hadi leo.

Mwisho ni Zamani Sana, mtaa mmoja wanakokaa dinosaria, Wajerumani na bibi. “Bibi, Wajerumani walikupiga?” Bibi amezaliwa 1958, Vita vya Maji Maji viliisha 1907. Naye huchukia zaidi akiulizwa kuhusu dinosaria. Hata hivyo, uadilifu wa kitaaluma unatulazimu kukiri kwamba mtoto hakukosea kabisa. Kule Tendaguru, Lindi, Wajerumani na dinosaria walikutana kweli, kati ya 1909 na 1913. Mmoja kati ya waliokutana alikuwa amekufa miaka kama milioni 150 kabla, lakini hilo halikuzuia safari: wapagazi walibeba mifupa hadi bandarini, na leo mjusi yule amesimama Berlin, kimo chake kikizidi mita 13. Mtaa ni ule ule, wakazi ndio walipishana kidogo.

Namna ya kuwatenganisha wakazi hao si kwa tarakimu. Kwa mtu anayehesabu hadi ishirini na kuruka kumi na tano, milioni ni kelele tu. Hupima zama kwa vitu visivyokuwepo. Mwambie kwamba Tanzania Bara haikuwa na televisheni hadi miaka ya 1990, ilhali Zanzibar walikuwa nayo tangu 1973, na bibi hupata enzi yake mwenyewe papo hapo, mbali na dinosaria. Swali litakalofuata, yaani mlikuwa mnafanya nini jioni, bibi analijibu kwa saa nzima.

Kuhusu nyayo za Laetoli, zilizobaki katika majivu ya volkano, uzoefu unaonyesha hivi: ukianza na miaka milioni 3.6, darasa linatazama dirishani. Ukisema nyayo ndogo zinakwenda sambamba na nyayo kubwa, mikono inanyooka. Walikuwa wanakwenda wapi? Yule mdogo mbona hakubebwa? Na mwingine, ambaye hakunyoosha mkono, alitaka kujua kama yule mkubwa alikuwa bibi yake mwalimu.