Nyekundu Juu ya Nyekundu

Wiki nzima hapa kona ya Argwings Kodhek hakuna aliyetaja bei ya unga. Habari ni ile Elise ya kijana wa ghorofa ya saba: gari dogo la Kiingereza, viti viwili, kilo 700 na kitu, bodi yote faiba. Nyekundu yake imechujuka, sehemu ya mbele imeota nyufa nyembamba, na mwenyewe hajui alivalishe vinili au alipulizie rangi upya. Akaomba ushauri kijiweni. Kuna watu hawajipendi.

FUNDI MSASA: Rangi. Faiba inataka msasa, inataka praima, inataka mtu asiye na haraka. Vinili ni stika. Hata mwanangu anabandika stika kwenye daftari la hesabu na bado anapata sufuri.

KIBANDIKO: Mzee wangu, kwa siku chache nakupa gari jipya, buluu ya kumetameta. Ukiichoka unabandua, na nyekundu yako iko pale pale chini. Hiyo rangi yako, mtu akiichoka ataibandua?

SOJA: Na nyufa, nazo ziko pale pale chini?

KIBANDIKO: Soja, nyufa hazitaonekana.

SOJA: Sijauliza kama zitaonekana.

PROFESA: Na zitaonekana! Ile filamu unene wake ni kama sehemu moja ya kumi ya milimita. Ufa wenye ukingo utajichora juu yake, hasa vinili ikiwa ya kung'aa. Tena faiba si bati. Bati ukiligonga linabonyea, faiba inapasuka. Ufa wa namna hiyo hauzibwi kwa kupaka juu juu. Unachimbwa mpaka mwisho wake, unajazwa resini, ndipo msasa.

MAMA CHAI: Profesa, wewe una gari?

PROFESA: Nina digrii.

MAMA CHAI: Basi lipa hizo chai za tangu Jumatatu kwa digrii.

DEREVA: Ila huyu Fundi asiongee rangi mbele yangu. Probox yangu alipulizia mlango mmoja tu, gari likatoka na weupe wa aina mbili. Abiria akipiga simu kuuliza kama gari langu ni jeupe, namjibu, inategemea umesimama upande gani.

FUNDI MSASA: Uliniletea nusu ya pesa, ukataka weupe mzima? Na siku ile walikuwa wanabomoa nyumba ya jirani. Vumbi lote likatua kwenye rangi mbichi. Mimi napuliza rangi, wao wanapuliza Kilimani nzima.

SOJA: Hapo nakutetea, Fundi. Mtaa huu una mabingwa wa vinili na hata hawana duka. Tazama yale mabati ya ujenzi. Nyuma yake shimo, mbele yake picha ya familia inacheka kando ya bwawa. Wameng'oa nyumba zenye bustani, wakainua ghorofa, kisha ukutani wakabandika picha ya bustani. Mimi nalinda lile shimo usiku. Hiyo familia sijaiona hata siku moja.

MZEE PENSHENI: Zamani...

DEREVA: Haya, tushikilie vikombe.

MZEE PENSHENI: Zamani watu hawakusumbuana hivi. Mwaka 1953 Wamarekani walitoa Corvette ya kwanza, bodi faiba kama ya huyu kijana. Waliunda 300 tu mwaka huo, na zote nyeupe. Hakuna aliyeulizwa anapenda rangi gani.

DEREVA: Nyeupe moja au nyeupe mbili?

FUNDI MSASA: Ngoja ulete hiyo Probox tena! Turudi kwenye kazi. Kibandiko, ile mashine yako ya kupuliza hewa moto. Faiba haisambazi joto kama bati. Ukiduwaa mahali pamoja unaichoma. Na ukikatia filamu juu ya gari, wembe unaacha alama.

KIBANDIKO: Na ile dawa yako ya kutoa rangi? Ikigusa faiba inakula mpaka resini. Au nimwite yule mteja wa mwaka jana?

(Fundi akakoroga chai ambayo haikuwa na sukari.)

PROFESA: Kuna jambo la rangi ya zamani. Kama haijashika vizuri, siku ya kubandua filamu itatoka nayo.

SOJA: Kwa hiyo ile nyekundu iliyo pale pale chini inaweza kuondoka na Kibandiko.

KIBANDIKO: Hiyo ni miaka mitano ijayo!

SOJA: Mitano ya wapi? Hapa tuko karibu mita 1,800 juu, ikweta iko hapo tu, na gari linalala nje. Mimi ndiye nalala nalo. Paa na mbele vitaanza kukauka mapema, milango ikiwa bado inang'aa. Utamwambia nini mwenyewe, apaki kiubavu?

MZEE PENSHENI: Na logbuku je? Imeandikwa nyekundu. Ukilifanya buluu lazima ikarekebishwe, iwe vinili iwe rangi.

KIBANDIKO: Vinili si rangi.

SOJA: Basi ukisimamishwa barabarani umwambie afande akwangue kwa ukucha.

Hapo simu ya Soja ikalia. Akausoma ujumbe mara mbili, midomo ikitembea.

SOJA: Ni mwenyewe. Ameamua kuliuza.

FUNDI MSASA: Afadhali! Aliuze lilivyo, atakayenunua aje kwangu.

SOJA: Ila kwanza anataka livalishwe vinili.

MAMA CHAI: Ya rangi gani?

SOJA: Nyekundu.

MZEE PENSHENI: Basi logbuku haina neno.

DEREVA: Viti viwili, abiria mmoja. Buti lake linaingia mkungu wa ndizi?

KIBANDIKO (amekwishasimama, anapangusa suruali): Soja, mwambie nakuja leo.

FUNDI MSASA: Kibandiko! Ukimaliza, acha namba yangu kwenye dashibodi.