Namna ya Kujihudumia Supamaketi na Ukatoka na Heshima Yako

Kama umehamia Uingereza juzi, au umekuja kumtembelea mwanao, siku ya kwanza utakayotumwa maziwa utakutana nazo karibu na mlango wa kutokea: mashine sita au nane zimejipanga kama vibanda vya kupigia kura, kila moja na taa yake juu. Keshia humwoni. Keshia ni wewe. Utapitisha bidhaa mwenyewe, utapakia mwenyewe, utalipa mwenyewe, na sauti ya mwanamke asiyechoka itakuelekeza mwanzo hadi mwisho bila kukuuliza umeamkaje.

Nimeishi na mashine hizi miaka mingi. Zimenifokea mbele za watu, na zimeniokoa pia siku nilizokuwa na dakika tatu za kuwahi basi. Haya ndiyo niliyojifunza kwazo, hatua kwa hatua. Pa kucheka ucheke, lakini kila hatua nimeimaanisha.

Hatua ya kwanza: Ijue kazi uliyopewa

Kwetu, kwa Mangi, yule mwenye duka la mtaani, unasimama nje ya nondo unasema, "Mangi, nipe unga kilo mbili na mafuta ya kupima." Mangi anainuka, anapima, anafunga, anapiga hesabu, na kama mwezi uko kona anaandika kwenye daftari. Maduka mengi ya vyakula ya Marekani nayo yalikwenda hivyo hivyo: karani nyuma ya kaunta, mteja mbele. Mwaka 1916, mjini Memphis, Clarence Saunders alifungua duka aliloliita Piggly Wiggly, akampa mteja kapu na kumwachia azunguke kwenye rafu ajichukulie. Kazi ya karani ikahamia kwa mnunuzi, na mnunuzi akafidiwa kwa bei nafuu.

Tarehe 26 Juni 1974, katika mji wa Troy, jimbo la Ohio, pakiti ya chingamu ilipitishwa kwenye skana iliyosoma ile mistari myeusi ya bei. Tangu hapo keshia hakuhitaji tena kukariri bei, na haikuchukua muda mrefu mtu akajiuliza kama keshia mwenyewe anahitajika. Mwaka 1986, kwenye duka la Kroger nje kidogo ya jiji la Atlanta, ikafungwa mashine ya David Humble, mvumbuzi wa Florida, na mteja akaanza kujipitishia bidhaa zake.

Kwa hiyo ukisimama mbele ya mashine, ujue uko kazini. Umepewa kazi ya mtu aliyefundishwa na kulipwa, nawe hukufundishwa wala hulipwi. Ukikosea usione haya. Ukichelewesha foleni usitetemeke. Keshia wa kweli naye alikosea wiki yake ya kwanza, tena akiwa na mtu pembeni wa kumwelekeza.

Hatua ya pili: Iheshimu mizani

Siri ya mashine iko chini, pale unapoweka mfuko. Pale pana mizani. Kila bidhaa yenye mistari ya bei, uzito wake umeshaandikwa kwenye kumbukumbu za mashine. Ukipitisha kopo la maharage, mashine husubiri uzito wa kopo lile lile utue kwenye mizani. Ukitua uzito mwingine, au usipotua kabisa, taa hubadilika rangi na sauti hutangaza kwamba kuna kitu kisichotarajiwa mahali pa kupakia. Waingereza wamelisikia tangazo hilo mara nyingi mno, mpaka wanalitania kwenye vichekesho vyao.

Kwa hiyo usiweke mkoba wako pale. Mtoto asiegemee pale. Usiinue mfuko kuangalia kama umejaa. Pitisha, weka, subiri mlio, kisha shika kingine.

Sisi tuna jambo la ziada la kuangalia. Kenya ilipiga marufuku mifuko ya plastiki mwaka 2017, Tanzania ikafuata tarehe 1 Juni 2019, na wengi wetu tumezoea kutoka nyumbani na kikapu. Ni desturi nzuri, na Uingereza inafaa zaidi, kwa kuwa tangu mwaka 2021 mfuko wa dukani unatozwa angalau peni 10. Ila kikapu cha ukindu kina uzito wake, na mashine haijawahi kuonana na ukindu. Kabla ya kupitisha chochote, bonyeza pale panaposema umekuja na mfuko wako, kiweke kikapu, ngoja kikubaliwe. Kikapu kinataka kubishiwa hodi.

Hatua ya tatu: Ndizi ni ndizi, karoti ni karoti

Matunda na mboga visivyofungwa mara nyingi havina mistari ya bei. Inabidi uvitafute kwenye skrini kwa picha au kwa herufi ya kwanza ya jina la Kiingereza. Hapa ndipo watu wetu wanapokwama. Ndizi mbivu iko herufi B, lakini mzuzu uko P, na ukiupitisha mzuzu kwa jina la ndizi mbivu utakuwa umeidanganya mashine bila kukusudia. Muhogo uko C. Embe mara nyingi huuzwa kwa moja moja, kwa hiyo utaulizwa idadi badala ya uzito. Usipoiona picha, usibahatishe. Mwite mhudumu.

Nasisitiza hili kwa sababu kuna wanaokosea makusudi. Emmeline Taylor, mtaalamu wa masuala ya uhalifu wa Chuo Kikuu cha City St George's, London, ameandika juu ya wateja wa kawaida, watu wenye kazi zao na heshima zao, ambao wakifika kwenye mashine hupima parachichi kwa bei ya karoti. Ameeleza hata jinsi supamaketi moja ilivyogundua kwamba imeuza karoti nyingi kuliko zilizowahi kuwemo ghalani mwake. Wengi wao hawajioni wezi. Wanajiambia kwamba kampuni ni tajiri, kwamba mashine imewasumbua, kwamba hakuna mtu aliyedhulumiwa.

Mimi sikubaliani nao hata kidogo. Mali ya mtu ni mali ya mtu, awe Mangi wa mtaani au kampuni yenye maduka mia. Sheria nayo haina utani: tangu mwaka 1983 Baraza la Malordi la Uingereza lilikwisha amua kwamba kubadilisha kibandiko cha bei kwa nia ya kulipa pungufu ni wizi. Na kwa mgeni, parachichi moja linaweza kumgharimu zaidi ya faini. Lipa bei ya ulichochukua, ulale usingizi.

Hatua ya nne: Taa ikiwaka nyekundu, salimia kwanza

Pembeni ya mashine zile kuna mtu. Mara nyingi ni mmoja, amevaa sare ya duka, anaangalia mashine zote peke yake, na kazi yake ni kukimbilia kila taa inayowaka. Huyo ndiye keshia wa zamani. Zamani alikaa kitini akiongea na mteja mmoja kwa wakati mmoja. Leo amesimama, na kila anayemwita ameshakasirika.

Kuna taa zinazowaka kwa sababu nzuri. Ukinunua pombe, mashine haiwezi kukutazama usoni, kwa hiyo lazima mtu aje ahakikishe umri wako. Ukinunua panadoli, pakiti ya supamaketi haizidi vidonge 16, sheria iliyowekwa mwaka 1998 kupunguza vifo vya watu wanaomeza vidonge vingi kwa mpigo, na maduka kwa kawaida hukuzuia usizidishe pakiti mbili. Taa ile inamlinda mtu ambaye huenda siku hiyo hana wa kumsemesha. Usiinunie.

Usdaw, chama cha wafanyakazi wa maduka cha Uingereza, kina kampeni ya miaka mingi ya kuwatetea wanachama wake wanaotukanwa na kupigwa wakiwa kazini, na kumwomba mteja kitambulisho ni mojawapo ya mambo yanayozusha ugomvi. Kwa hiyo mhudumu akifika, mwambie habari za asubuhi kabla ya kumwonyesha tatizo. Wahenga walisema salamu ni nusu ya kuonana. Nimeona uso wa mhudumu ukilegea kwa neno moja hilo.

Hatua ya tano: Mali bila daftari hupotea bila habari

Chukua risiti. Usome ungali pale pale. Mkono wa mnunuzi ni mwepesi kupitisha kitu kimoja mara mbili, na mashine haitakuonea huruma. Ukiona umelipia mikate miwili ilhali umebeba mmoja, rudi kwa mhudumu kabla hujavuka mlango. Tena usiitupe, maana baadhi ya maduka siku hizi yameweka vigeti ambavyo havifunguki mpaka uvionyeshe risiti.

Hatua ya sita: Mzee kwanza

Jumamosi moja asubuhi, katika duka moja la mashariki ya London, nilimkuta bibi mmoja amesimama mbele ya mashine, khanga imechungulia chini ya koti la baridi. Alikuwa na mchele, vitunguu na fungu la kotmiri. Alikuwa akiigonga skrini kwa ukucha uliopakwa hina, taratibu, kama mtu anayebisha mlango wa jirani, na skrini haikuitika. Nyuma yake kijana mmoja alishusha pumzi kwa nguvu ili asikike.

"Shikamoo, bibi."

Aligeuka kana kwamba ameitwa kutoka Tanga. "Marahaba, mwanangu. Hii inaniambia nini?"

"Inataka ubonyeze kwa nyama ya kidole. Ukucha hausikii."

"Nami naiambia nataka kulipa, mbona haisikii?"

Tukabonyeza pamoja. Kotmiri tukaipata. Tulipofika kwenye malipo, akafungua pindo la khanga, akatoa noti moja iliyokunjwa mara nne na sarafu chache. Mashine ile, kama zilivyo nyingi, ilikuwa ya kadi tu. Kazi yote ile, na pesa halali mkononi, na bado hakuweza kununua mchele.

Tulirudisha vitu kwenye kapu, tukaenda kwenye kaunta pekee iliyokuwa na mtu. Tulisubiri kama dakika kumi. Keshia, kijana mdogo mwenye hereni, alimwita bibi kipenzi, kama wanavyosema wenyeji wa London, akamhesabia chenji kiganjani, sarafu moja moja, huku akizitaja. Bibi alizifunga pindoni akamwombea dua kwa Kiswahili. Kijana hakuelewa neno hata moja, lakini aliitikia kwa kichwa.

Kwa hiyo hatua ya sita ni hii: ukimwona mzee amekwama, usishushe pumzi. Sogea, salimia, saidia. Msaada wako unachukua dakika mbili.

Hatua ya saba: Kaunta ya mtu ikiwa wazi, iendee

Sisemi mashine zivunjwe. Ukiwa na maziwa na mkate, na basi linakuja, mashine ni neema. Wapo pia wanaozipenda kwa sababu za heri: mwenye aibu, mwenye kigugumizi, mtu ambaye siku hiyo hataki kuulizwa kitu. Hao wana haki yao. Kosa ni pale duka linapobakiza kaunta moja au lisibakize kabisa, na bibi mwenye noti pindoni anakosa pa kwenda.

Wako wafanyabiashara walioliona hilo. Booths, maduka ya familia ya kaskazini mwa Uingereza yaliyoanzia Blackpool mwaka 1847, yalitangaza Novemba 2023 kwamba yanaondoa mashine hizi karibu katika maduka yake yote, yakabakiza mawili tu yenye wateja wengi, kwa sababu wateja walilalamika kwamba ni za polepole, hazitegemeki na hazina utu. Uholanzi, supamaketi za Jumbo zilianzisha mwaka 2019, katika mji wa Vlijmen, kaunta ya maongezi: foleni ya makusudi kwa wasio na haraka, ambapo keshia anapitisha bidhaa huku mkizungumza. Iliwalenga hasa wazee wanaokaa peke yao, na baadaye Jumbo ikatangaza kuzifikisha 200.

Mangi hakuhitaji kutangaza kaunta ya maongezi. Alijua mama kajifungua, alijua mtoto kaanza shule, na usipoonekana siku tatu aliuliza. Saunders alipotupatia kapu tuliambulia bei nafuu. Leo tumepokea na kazi ya keshia, na ni haki kumuuliza mwenye duka tumepewa nini badala yake. Uliza. Mwambie meneja unataka kaunta yenye mtu na inayopokea pesa taslimu.

Maduka huhesabu wateja wanaopita kila kaunta, na kaunta isiyopitiwa na watu hufungwa. Wiki hii, ndugu msomaji, hata kama una dakika tano tu za ziada, panga foleni kwa keshia, mtazame, mpe salamu. Usipofanya hivyo kwa ajili yako, fanya kwa ajili ya bibi atakayekuja nyuma yako.